Picha inaganda kila baada ya dakika nne: kisa cha multikasti katika hoteli ya ufukweni

Hoteli yenyewe iko pwani ya mashariki ya Unguja. Ina jengo kuu lenye mapokezi, ofisi na vyumba, majengo mengine matatu ya vyumba, na mgahawa uliojitenga ufukweni. Hakuna aliyekubali bustani ichimbwe ili faiba ifike mgahawani, kwa hiyo umeungwa na jengo kuu kwa redio mbili zinazotazamana juu ya makuti. Jina la hoteli tuliache.

Kabla ya msimu wa watalii kuanza, kebo za zamani za antena ziling'olewa na televisheni zote zikahamishiwa kwenye mtandao. Juu ya ofisi kuna madishi, ving'amuzi na mtambo unaogeuza kila chaneli kuwa mkondo wa pakiti za multikasti, yaani pakiti zinazotumwa mara moja kwa kundi zima la wapokeaji. Chaneli zilikuwa 32, kila moja ikila takribani megabiti 4 kwa sekunde. Mgeni anabonyeza rimoti, picha inakuja. Kazi ikakabidhiwa, mkandarasi akalipwa, akaondoka.

Wi-Fi ikafa. Simu inaonyesha alama zote za mawimbi lakini ujumbe wa WhatsApp hautoki, na hali ni hiyo hiyo asubuhi, mchana na usiku. Uongozi ukafanya kinachofanywa na hoteli nyingi: ukainunulia intaneti kifurushi kikubwa zaidi. Hakikubadilika kitu isipokuwa ankara. Grafu ya faiwoli ingewaambia mapema kwamba fedha hiyo inapotea, maana njia ya kwenda nje ilikuwa karibu tupu. Foleni ilikuwa ndani ya hoteli.

Dalili iliyofungua kisa ilikuwa taa za swichi, vile visanduku vyenye matundu (poti) vinavyounganisha nyaya za mtandao. Saa tisa usiku, wageni wamelala, taa za poti zote katika kila jengo zilikuwa zinapepesa kwa mdundo mmoja. Swichi yenye afya haiwi hivyo. Poti ya mtu aliyelala hutulia, ya kamera hupepesa kivyake, ya ofisini hushtuka mara moja moja. Ukiona zote zinacheza ngoma moja, ujue kuna kitu kinamwagwa kila mahali.

Swichi hujifunza mahali kifaa kilipo kwa kusoma anwani ya MAC ya mtumaji (namba inayotambulisha kifaa) kwenye kila fremu, yaani kifungu cha data, inayoingia. Fremu ya simu yangu ikiingia poti ya 5, swichi inaandika: huyu yuko poti ya 5. Sasa anwani ya multikasti ni anwani ya kundi, na kundi halitumi kitu, linapokea tu. Haitokei hata siku moja ikaonekana kama mtumaji, kwa hiyo swichi haina namna ya kujifunza iko wapi. Isipofundishwa njia nyingine, hufanya jambo pekee lililo salama kwake, yaani kuimwaga kwenye kila poti isipokuwa ile iliyoingilia. Chaneli 32 mara megabiti 4 ni megabiti 128 kwa sekunde, usiku na mchana, kwenye kila tundu la mtandao, iwe kuna anayetazama au hakuna.

Kompyuta ya ofisini yenye poti ya gigabiti haikuhisi maumivu makubwa. Televisheni ziliumia zaidi, kwa sababu nyingi zina poti ya megabiti 100, na 128 haziingii ndani ya 100. Ndiyo maana picha zilikuwa zinavunjika vipande vya mraba. Lakini aliyeumia kuliko wote ni Wi-Fi. Kituo cha Wi-Fi hakirushi multikasti kama kinavyorusha pakiti nyingine. Kinatakiwa kisikike na kila kifaa, hata kile chakavu kilicho mwisho wa korido, kwa hiyo hushuka hadi kasi ya chini kabisa iliyoruhusiwa, ambayo kwa mipangilio ya kawaida ni megabiti 1 kwa sekunde kwenye masafa ya 2.4 GHz na 6 kwenye 5 GHz. Tena hakingoji jibu la "nimepata". Mwagia kituo cha namna hiyo megabiti 128 kila sekunde, hewa yote inajaa, na barua pepe ya mgeni inapanga foleni nyuma ya chaneli ya mapishi ambayo hakuna aliyeiomba.

Hadi hapo ni kisa cha kawaida, na dawa yake inajulikana. Fundi wa hoteli aliulizia kwa wenzake, akaambiwa awashe snupingi ya IGMP kwenye swichi zote, yaani swichi idukize IGMP, itifaki ambayo vifaa huitumia kuomba makundi ya multikasti, na ipeleke mkondo kwa walioomba tu, na kwenye menyu hiyo hiyo aweke tiki ya kutupa multikasti ya kundi lisilo na mwanachama. Akafanya hivyo. Taa zikatulia, Wi-Fi ikafufuka papo hapo, wageni wakaacha kupanga mstari mapokezi.

Kisha televisheni zikaanza kuganda.

Kwenye vyumba vya jengo kuu picha ilikuja vizuri, ikacheza dakika nne na ushei, ikaganda. Ukibadili chaneli na kurudi, inacheza tena dakika nne na ushei. Kwenye majengo mawili ya mbali zaidi picha haikuja kabisa, kioo cheusi tangu mwanzo. Wahudumu walishazoea kuwafundisha wageni ule ujanja wa kubadili na kurudi. Siku ya mechi ya Simba na Yanga, kantini ya wafanyakazi ilimkabidhi kijana mmoja rimoti, kazi yake ikiwa hiyo tu, kutoka kipenga cha kwanza hadi cha mwisho. Fundi alishashauriwa azime snupingi, "maana inaharibu televisheni". Angezima, wageni wangerudi mapokezi na simu zao.

Dakika nne na ushei si namba ya bahati mbaya. Tulichomeka kompyuta mpakato kwenye poti iliyopangwa kunakili trafiki ya televisheni moja, tukafungua Wireshark, programu ya kuonyesha pakiti zinazopita, na kuchuja IGMP peke yake. Televisheni ilipofungua chaneli ilituma ripoti: nataka kundi hili. Baada ya sekunde chache ikairudia. Halafu kimya, hakuna ripoti nyingine wala neno lolote kutoka upande wowote. Tukaweka saa. Mkondo ulikatika karibu kabisa na dakika 4 na sekunde 20.

Hizo ni sekunde 260, na zimeandikwa ndani ya itifaki yenyewe. Toleo la kwanza la IGMP liko kwenye waraka wa Steve Deering wa mwaka 1989, RFC 1112, mojawapo ya nyaraka za kiufundi za intaneti. Toleo la pili, ambalo televisheni nyingi za hoteli hulizungumza hadi leo, ni la 1997. Ndilo lililoongeza ujumbe wa kujitoa. Toleo la tatu, la 2002, linamwezesha mpokeaji kuchagua hata chanzo. Katika yote mazungumzo ni ya pande mbili. Yupo muulizaji ambaye, katika toleo la pili na la tatu, kwa kawaida hupita kila sekunde 125 kuuliza, "nani bado anataka kundi lipi?" Wapokeaji wana sekunde 10 za kujibu. Muulizaji anavumilia swali moja kupotea njiani, kwa hiyo anasubiri mara mbili ya 125, anaongeza 10, jumla 260. Ambaye hajasikika ndani ya muda huo anahesabiwa kuwa ameondoka. Anafanya kazi kama balozi wa nyumba kumi: asipopita kuuliza, daftari lake linazeeka, na watu waliomo ndani ya nyumba wanafutwa kama wamehama.

Swichi inayofanya snupingi haimo kwenye mazungumzo hayo. Inadukiza tu. Inaposikia ripoti inaandika: poti ya 12 inataka kundi hili, halafu inaanza kuhesabu sekunde. Ripoti mpya ikisikika, hesabu inaanza upya. Isiposikika, jina linafutwa. Na televisheni haitumi ripoti mpya bila kuulizwa, kwa sababu kwa upande wake haijawahi kuondoka kwenye kundi. Inakaa inasubiri picha, nayo swichi inaamini imehama. Kubadili chaneli na kurudi kulifanya kazi kwa sababu kulilazimisha ripoti mpya, na ripoti hiyo ilinunua sekunde nyingine 260.

Kwa nini hakukuwa na muulizaji? Kwa desturi kazi hiyo ni ya ruta inayopitisha multikasti kati ya mitandao. Hoteli haikuwa nayo na haikuihitaji. Mtambo wa chaneli na televisheni vilikuwa kwenye mtandao mmoja, na faiwoli ya kutokea nje haikuwa na habari za multikasti. Waliosanifu IGMP waliwaza mtandao wenye ruta. Snupingi ilikuja baadaye, ni ujanja wa watengeneza swichi, na mwongozo wake, RFC 4541 wa mwaka 2006, ni waraka wa taarifa na ushauri tu, haujawa sanifu. Ndiyo maana swichi za kampuni mbili tofauti zikiwekwa kwenye hoteli moja huwa na tabia mbili tofauti, na ndiyo maana mtu anayekwambia "washa snupingi" bila kukuuliza "muulizaji wako ni nani?" amekupa nusu ya dawa. Kwa maoni yangu ni nusu iliyo mbaya kuliko kutokunywa dawa kabisa, kwa sababu swichi inakuwa imepewa mamlaka ya kukata mkondo bila kupewa taarifa za kuamulia.

Vioo vyeusi vya majengo ya mbali vina chanzo hicho hicho kwa njia nyingine. Swichi ya snupingi haipeleki ripoti za televisheni kwenye kila poti. Inazipeleka tu upande aliko muulizaji. Kuna sababu: katika toleo la pili, mpokeaji akisikia jirani ameshajibu kuhusu kundi lile, hunyamaza, na swichi ikimwaga ripoti kila mahali wengine watanyamaza na majina yao yatapotea daftarini. Sasa kama muulizaji hayupo, hakuna upande wa kupeleka. Ripoti ya chumba cha mbali ilifia kwenye swichi ya jengo lake. Swichi kuu haikupata habari, ikaliona kundi halina mwanachama, ikatupa mkondo kama ilivyoagizwa na ile tiki.

Wapo watakaosema kosa ni la tiki hiyo. Si kweli, na hoteli ingeiondoa ingejutia. Swichi nyingi za bei nafuu, zikiachiwa mipangilio ya kiwandani, humwaga kila poti kundi ambalo halina mwanachama. Maana yake chaneli isiyotazamwa na mtu yeyote ndiyo inayosumbua zaidi. Usiku wa manane, televisheni tatu zikiwa zimewashwa kwenye chaneli tofauti, chaneli 29 zingekuwa zinamwagwa huku snupingi ikiwa imewashwa na taa ya kijani kwenye menyu. Bila muulizaji hali hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu picha haigandi: majina yanapofutwa swichi inarudi kumwaga, televisheni zinaendelea kama kawaida, na anayelalamika ni mtu wa Wi-Fi. Unatafuta tatizo upande usio wake.

Tulizipa televisheni VLAN yao, yaani mtandao uliotengwa ndani ya swichi zile zile, tukawasha kazi ya muulizaji kwenye swichi kuu, toleo la pili, tukaipa anwani halisi ya IP ndani ya VLAN ile. Anwani ni jambo la kuangalia. Swichi nyingine, ukiwasha kazi hiyo bila kuipa IP, huuliza kwa jina la 0.0.0.0, swali la namna hiyo haliingii kwenye uchaguzi wa muulizaji, na vipo vifaa vinavyolipuuza kabisa. Ndani ya dakika chache Wireshark ilionyesha mazungumzo ya pande mbili, swali na majibu. Jengo kuu likavuka dakika ya tano bila kuganda. Majengo ya mbali yakapata picha.

Kisha mgahawa wa ufukweni ukakosa kupokea malipo ya kadi.

Fundi, kwa nia njema, alikuwa ameona kwamba kama muulizaji mmoja ni dawa, waulizaji kila jengo ni bima. Akawasha kazi ile kwenye swichi zote. Itifaki inaruhusu: wakiwa wengi hufanya uchaguzi, na mwenye anwani ndogo ya IP anashinda, wengine wananyamaza. Anwani za swichi pale ziligawiwa kwa kufuata nani alifungwa kwanza, na swichi ya mgahawani ilikuwa ya zamani kuliko zote. Ikashinda.

Ushindi huo una gharama ambayo wengi hawaitarajii. Poti inayoelekea kwa muulizaji inachukuliwa kuwa ya ruta, na poti ya ruta hupelekewa multikasti yote, kila kundi, bila kujali nani ameomba, kwa sababu ruta ya kweli ingehitaji kuona kila kitu ili iamue la kupitisha. Kwa hiyo swichi kuu ilianza kurusha chaneli zote 32 kwenye redio ya kwenda mgahawani. Redio ile kwa siku nzuri ilibeba chini ya megabiti 100. Televisheni pale zilikuwa mbili.

Rekebisho lilikuwa dogo. Swichi kuu, iliyo karibu na chanzo cha chaneli, ilipewa anwani ndogo kuliko zote. Ya pili yake, iliyoko chumba hicho hicho cha mitambo, ikawa akiba. Kwingine kote kazi ya muulizaji ikazimwa. Ikifa ya kwanza, akiba inasubiri sekunde 255 kabla ya kushika nafasi, na majina yanaanza kufutwa kwenye 260. Nafasi ni nyembamba, inawezekana chumba kimoja kikaganda kidogo, lakini kwa hoteli inatosha. Kanuni ninayoiacha kwa mafundi ni hii: muulizaji akae mahali ambapo multikasti yote ingepita hata hivyo.

Likabaki jengo moja. Wi-Fi yake ilikuwa nzuri mchana na nzito usiku, hasa usiku wa mechi. Swichi zake zilikuwa za kizazi cha zamani, zinazoweka daftari la makundi kwa anwani ya MAC wala si ya IP, na mtambo wa chaneli ulitoka kiwandani ukiwa umepangwa kutumia 239.0.0.1 hadi 239.0.0.32.

Ili pakiti ya multikasti isafiri kwenye Etherneti, yaani mtandao wa nyaya, anwani ya IP ya kundi hugeuzwa kuwa ya MAC inayoanza na 01:00:5e, halafu biti 23 za mwisho za IP. Utambulisho wa kundi una biti 28. Biti 5 zinatupwa, kwa hiyo anwani 32 za IP huangukia MAC moja. Kuna simulizi maarufu miongoni mwa watu wa mitandao kwamba Deering alitaka mafungu 16 ya anwani ili biti zote zitoshe, kila fungu likiuzwa dola 1,000, na Jon Postel, aliyesimamia ugawaji wa namba za intaneti, akanunua moja tu na kumpa nusu yake. Ubahili huo, kama ulikuwa ubahili, tunaulipia hadi leo. 239.0.0.1 inaangukia MAC ile ile ya 224.0.0.1, ambayo ndiyo muulizaji huitumia kuwauliza wote. Makundi ya 224.0.0.x ni ya mazungumzo ya ndani ya mtandao mmoja, na mwongozo unasema swichi iyapeleke kila poti bila kuchuja. Swichi inayoangalia MAC peke yake haiwezi kutofautisha, kwa hiyo chaneli zote 32 zilikuwa na kibali cha kudumu cha kumwagwa. Swichi kuu, inayosoma IP, ilikuwa inapunguza kinachofika jengo lile hadi chaneli zinazotazamwa tu, ndiyo maana mchana kulikuwa shwari. Usiku, watu wakifungua chaneli kumi na mbili, zote zilimwagwa kila poti ya jengo, na vituo vya Wi-Fi vilivyoachwa kwenye VLAN ya televisheni kwa bahati mbaya vikazipokea.

Vituo hivyo vilihamishiwa VLAN ya wageni, na chaneli zikahamishiwa 239.10.1.1 na kuendelea, ambako MAC inakuwa 01:00:5e:0a:01:01 na haigongani na makundi ya 224.0.0.x. 239.128.0.x nayo ni ya kuepuka, inaangukia shimo lile lile, kwa sababu biti ya 128 ni mojawapo ya zile tano zinazotupwa.

Mambo madogo yaliyofuata nayapitia haraka. Ujumbe wa kujitoa ukifika, swichi kwa kawaida huuliza kwanza kama yupo mwingine kwenye poti ile, mara mbili kwa sekunde moja moja, ndipo ikate. Mkandarasi alitaka tuwashe ukataji wa papo hapo ili kubadili chaneli kuwe kwepesi. Inafaa penye televisheni moja kwa poti. Kwenye vyumba vikubwa vyenye televisheni mbili nyuma ya kiswichi kidogo cha mezani haifai: mtoto akibadili chaneli chumbani, baba sebuleni aliyekuwa akitazama chaneli ile ile anakatikiwa. Tuliiwasha kwenye poti zote isipokuwa hizo.

Wageni wanaotaka kurusha picha kutoka simuni kwenda kwenye televisheni bado hawawezi. Simu hutafuta televisheni kwa multikasti ya 224.0.0.251, ambayo haivuki VLAN, na hoteli imeamua kutoifungulia njia mpaka ipatikane namna ya kumzuia mgeni wa chumba kimoja kurusha picha kwenye televisheni ya jirani. Swali hilo liko mezani kwa mkandarasi. Kifurushi kikubwa cha intaneti kina mkataba, kwa hiyo kinaendelea kulipiwa.